NYUMBA KATIKA MSIMU WA BEI MBAYA: MTOTO AAMBIWE NINI?

Somo kwa makatibu, kamati na vikundi vya mafunzo vya vyama vya msingi

Madhumuni ya somo

Baada ya somo hili mwanachama aweze: (a) kueleza jinsi upungufu wa fedha za kahawa unavyomfikia mtoto, (b) kupanga hesabu ya nyumba pamoja na mwenzake kabla ya kuzungumza na watoto, (c) kumweleza mtoto ukweli kwa kiasi cha umri wake, na (d) kutaja mambo ambayo chama chenyewe chaweza kufanya ili mzigo huo usimwelemee mtoto.

1. Kisa cha kufundishia

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya somo. Hata hivyo, katibu aliyekaa mezani misimu michache hatakosa kuona ndani yake sura anazozijua.

Katika mtaa wa Majengo, mjini Moshi, iliishi familia ya watu watano katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Baba alikuwa kibarua wa ujenzi. Mama aliuza ndizi. Baba huyo alikuwa pia mwanachama wa chama cha msingi huko Uru, kwa kuwa alirithi sehemu ya kihamba cha baba yake, na kila Jumamosi ya msimu alipanda mlimani kuchuma na kupalilia. Binti mkubwa alikuwa Kidato cha Pili, mvulana wa kati alikuwa Darasa la Sita, na wa mwisho alitarajiwa kuanza darasa la awali.

Malipo ya awali ya kahawa yalipokelewa mwezi Oktoba. Mama hakuambiwa zilikuwa kilo ngapi, wala kilichokatwa kulipia dawa na mbolea. Desemba ikaja na sikukuu zake. Ndugu wakarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na Arusha, na baba hakutaka kuonekana mnyonge mbele yao. Ilipofika wiki ya pili ya Januari, kibeti kilikuwa kitupu, kodi ya chumba ilidaiwa, na malipo ya pili yalikuwa hayajatangazwa.

Usiku, watoto walipodhaniwa wamelala, wazazi waligombana. Mama aliuliza fedha za kahawa zimekwenda wapi. Baba akajibu kwa hasira: "Zimekwenda kwa watoto wako! Kila siku daftari, kila siku viatu!" Nyuma ya pazia mvulana alikuwa macho.

Wiki mbili baadaye mwalimu wa darasa alimpelekea mama salamu kwamba mtoto haonekani shuleni. Mama akashangaa, maana kila asubuhi mvulana aliondoka amevaa sare. Jioni ile, alipokuwa akipanga vyombo, alikuta katika kopo la zamani la majani ya chai sarafu zilizofika shilingi 3,400. Mvulana alikuwa akivua shati la shule, analificha mfukoni, na kubeba mizigo ya wanunuzi katika soko la Mbuyuni.

Alipoulizwa hakulia. Alisema: "Mama, nikiacha shule hamtagombana tena."

Hapakuwa na mtu aliyemwambia aache shule. Lakini pia hapakuwa na mtu aliyemwambia kwamba asiache.

2. Kwa nini fedha hupungua wakati mahitaji yanapozidi

Mtu asiyejua njia ya kahawa atasema kwamba baba yule alikuwa mzembe. Inawezekana alikosea, lakini hapana budi kwanza kuitazama njia yenyewe.

Mkulima wa mlimani huanza kuchuma yapata mwezi Julai na kuendelea hadi kuelekea mwisho wa mwaka. Kahawa humenywa, huoshwa, huanikwa, kisha hupimwa katika mizani ya chama. Hapo ndipo hutolewa malipo ya awali. Kahawa hiyo husafirishwa kwenda kiwanda cha kukobolea, hupangwa kwa madaraja, na huuzwa mnadani au kwa mnunuzi wa moja kwa moja. Baada ya gharama zote kutolewa, kinachobaki ndicho humrudia mkulima kama malipo ya pili, na pengine ya mwisho. Safari hiyo huchukua miezi.

Shule, kwa upande wake, haingoji mnada. Mwaka wa masomo huanza Januari. Ni kweli kwamba ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa kuanzia mwaka 2002, na kwamba Januari 2016 elimu ya serikali ilianza kutolewa bila ada hadi Kidato cha Nne. Lakini sare, viatu, madaftari, nauli na chakula cha mchana vimebaki mikononi mwa mzazi. Basi, kati ya malipo ya awali na yale ya pili kuna bonde, na Januari imekaa katikati ya bonde hilo.

Juu ya hayo kuna bei yenyewe, ambayo haipangwi Uru wala Moshi. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya Brazil, na bei ya dunia ikapanda hata mwaka 1977 ikapita dola 3 za Marekani kwa ratili. Julai 1989 mpango wa kimataifa wa kugawana masoko ya kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka. Mwaka 2001 ratili moja ya arabika ilifika chini ya senti 50 huko New York. Februari 2025 bei hiyohiyo ilivuka dola 4. Mtoto aliyezaliwa katika kihamba huonja kupanda na kushuka huku kabla hajajua kusoma, kwa kuwa hukuona katika sahani, katika viatu, na katika uso wa baba yake.

3. Njia ambayo mzigo hupitia

Je, ni upungufu wenyewe unaomuumiza mtoto, au ni kitu kingine?

Mwaka 1989, mwaka uleule ambao masoko ya kahawa yalivurugika, watafiti wawili wa Marekani, Rand Conger na Glen Elder, pamoja na wenzao, walianza kuzifuatilia familia 451 katika jimbo la Iowa. Jimbo hilo ni la wakulima wa mahindi na wafugaji wa nguruwe. Katika miaka ya 1980 wakulima wengi huko walikuwa wamekopa. Riba ikapanda, thamani ya ardhi ikaanguka, na mashamba mengi yakapotea. Watafiti waliwatazama watoto wa darasa la saba na wazazi wao, wakarudi kwao mwaka hata mwaka.

Walichokiona chaweza kuelezwa hivi. Upungufu wa fedha uliwaletea wazazi wasiwasi na huzuni. Wasiwasi ukazaa ugomvi baina ya mume na mke. Mzazi aliyechoshwa na ugomvi akawa mkali kwa watoto, au akawaacha bila uangalizi. Hapo ndipo mtoto alipoanza kuharibika: huzuni, utukutu, kushuka katika masomo. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya mzigo haikutoka katika kibeti moja kwa moja hadi kwa mtoto. Ilipitia kwa baba na mama. Pale ambapo wazazi walisaidiana na kuendelea kuwa wapole kwa watoto, madhara yalipungua, ingawa fedha zilikuwa chache vilevile.

Iowa si Uru, wala nguruwe si kahawa. Lakini wahenga walikwisha kusema kwamba wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Kwa mwanachama, hili ni jambo la matumaini. Hana uwezo wa kupandisha bei ya New York. Anao uwezo juu ya namna habari ya bei hiyo inavyoingia nyumbani kwake.

4. Hatua ya kwanza: wakubwa waandike hesabu

Mtoto asiitwe kabla wakubwa hawajakubaliana. Mume na mke wakae pamoja, na kama babu au bibi ndiye mwenye kitabu cha mwanachama, naye awepo. Waweke mezani stakabadhi za mizani na daftari la kawaida la shule. Na ichukuliwe familia ileile ya Majengo, kana kwamba ilikaa hivyo mwezi Oktoba. Tarakimu ni za mfano.

Mapato
Kahawa kilo 120 kwa Sh. 5,000: Sh. 600,000
Kutoa mkopo wa dawa na mbolea: Sh. 140,000
Baki: Sh. 460,000

Mahitaji hadi mwisho wa Februari
Sare, viatu na madaftari ya watoto watatu: Sh. 210,000
Nyongeza ya chakula: Sh. 150,000
Kodi ya chumba, miezi mitatu: Sh. 120,000
Sikukuu na michango ya ukoo: Sh. 120,000
Matibabu: Sh. 50,000
Jumla: Sh. 650,000

Pengo: Sh. 190,000

Pengo la Sh. 190,000 likionekana mwezi Oktoba ni jambo la kupangwa. Likionekana Januari ni ugomvi. Familia hiyo ingeweza kupunguza sikukuu kutoka Sh. 120,000 hadi Sh. 50,000, na hivyo kuokoa Sh. 70,000. Sare ya kaka ingepunguzwa na fundi ili imfae mdogo, na viatu vya zamani vingeshonwa, zikaokolewa Sh. 50,000. Mama, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye fedha za ndizi na maziwa, angeweza kuweka kando Sh. 70,000 kwa miezi mitatu, mradi ajue anaziba pengo gani. Jumla ni Sh. 190,000.

Ieleweke kwamba mama hawezi kusaidia kuziba shimo asiloonyeshwa. Desturi ya kuifanya kahawa kuwa siri ya mume na ndizi kuwa shughuli ya mke inazigawa hesabu za nyumba moja katika madaftari mawili yasiyosomana.

Jambo moja liepukwe kabisa katika kuziba pengo: kuuza kahawa ingali mtini kwa mlanguzi. Mtindo huo, ambao huko Kagera huitwa butura, humpa mkulima fedha kidogo leo na kumnyang'anya mavuno ya kesho. Pengo la Januari huhamishwa tu, tena likiwa kubwa zaidi.

5. Hatua ya pili: mtoto aambiwe

Wazazi wengi hunyamaza kwa mapenzi. Husema, "Mtoto asisumbuliwe na mambo ya wakubwa." Lakini mtoto anayeona kwamba nyama imetoweka, kwamba mama hacheki, na kwamba mazungumzo hukatika anapoingia, amekwisha kusumbuliwa. Asipopewa maelezo hujitungia yake, na mara nyingi hujiweka mwenyewe kuwa sababu. Ndivyo ilivyokuwa nyuma ya pazia Majengo.

Maelezo yafuate umri.

Mtoto mdogo, chini ya miaka saba, hahitaji hesabu. Anahitaji uhakika: kwamba chakula kipo, kwamba baba na mama wapo, kwamba yeye hajakosa. Aambiwe kwa maneno machache na aendelee na mazoea yake ya kila siku: saa ya kula, saa ya kulala, hadithi ya bibi.

Mtoto wa miaka saba hadi kumi na miwili aambiwe mambo matatu: nini kimetokea, nini kitabadilika, na nini hakitabadilika. Mzazi aweza kusema: "Mwanangu, mwaka huu kahawa imelipwa kidogo. Viatu vipya vitangoja malipo ya pili. Hivi vya zamani tutavishona. Shule utaendelea, na chakula kipo. Si kosa lako, wala si kazi yako kutafuta fedha. Ukiwa na jambo linalokusumbua, njoo uniambie mimi au mama."

Kijana wa miaka kumi na mitatu na zaidi aweza kuonyeshwa daftari lenyewe na kuulizwa maoni yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto mwenye uwezo wa kupambanua kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Binti wa Kidato cha Pili aweza kujua kipi cha kununuliwa kwanza kuliko baba yake ajuavyo. Hata hivyo uamuzi ni wa wazazi, na deni ni la wazazi. Kuombwa maoni si kukabidhiwa mzigo.

Kuhusu ahadi: mzazi asitaje siku ya malipo ambayo chama hakijaitangaza. Ni afadhali kusema "malipo yakitoka tutakaa tena hapa" kuliko kusema "wiki ijayo" mara tano. Mtoto aliyedanganywa tarehe husita kuamini hata lile la kweli, kwamba shule ataendelea.

6. Kazi za mtoto: kipimo chake

Mtoto hupata nguvu akiona kwamba naye ana sehemu yake. Glen Elder, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya watoto waliokulia katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 huko California, alionyesha kwamba vijana waliopewa majukumu ya kweli nyumbani mara nyingi walipata moyo wa kujitegemea. Lakini uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba waliokuwa bado wadogo sana mdororo ulipofika, hasa wavulana, waliumia zaidi. Kwa hiyo kazi ni dawa yenye kipimo.

Kuchuma kahawa Jumamosi pamoja na babu, kukata majani ya ng'ombe baada ya shule, kuchota maji, kumsaidia mama kuhesabu mauzo ya ndizi: hizi ni kazi za nyumba. Kumzuia mtoto kwenda shule wakati wa mizani, au kumwacha abebe mizigo sokoni saa za masomo, ni kumfanya alipe deni lisilo lake. Sheria ya Mtoto inaruhusu kazi nyepesi kuanzia umri wa miaka 14, isiyodhuru afya wala kumzuia kuhudhuria shule. Mvulana wa Majengo alikuwa na miaka kumi na miwili.

7. Mambo ya kuepukwa

(i) Kugombana kuhusu fedha mahali watoto wanaposikia. Chumba kikiwa kimoja, mazungumzo yafanywe nje, au yangoje watoto wawe shuleni.

(ii) Kumtuma mtoto dukani kukopa, au kumwagiza amwambie mdai kwamba baba hayupo. Mtoto anafundishwa uongo na aibu kwa pamoja.

(iii) Kumfanya mtoto tarishi kati ya baba na mama: "Mwambie baba yako hatuna unga."

(iv) Kumhesabia mtoto anachokula au anachovaa. Neno la hasira la dakika moja hukaa moyoni miaka mingi.

(v) Kutafuta faraja katika pombe. Mbege ina mahali pake katika mila na sherehe, lakini mzazi anayekimbilia kilabuni huondoka nyumbani na fedha na utulivu kwa wakati mmoja.

(vi) Kungoja mwalimu agundue. Mzazi aende shuleni mapema, aeleze hali, na aombe muda kwa ajili ya sare au mahitaji mengine. Mwalimu akijua sababu hatamwita mtoto mbele ya wenzake.

8. Dalili za kuangaliwa

Mtoto aliyezidiwa mara nyingi hasemi. Wakubwa waangalie haya: kuacha kucheza na wenzake, kuumwa tumbo au kichwa mara kwa mara bila ugonjwa kuonekana, mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani kuanza tena, kukosa usingizi, hasira za ghafla, kudokoa vitu, kutoroka shule, au kukataa chakula akisema ameshiba ili wadogo zake wale. Dalili moja ya siku moja si neno. Zikizidi, au zikidumu kwa majuma, mzazi aende kwa mwalimu, kituo cha afya, au afisa ustawi wa jamii. Mtoto akisema kwamba ni heri asingekuwapo, msaada utafutwe siku hiyohiyo. Pakiwa na kipigo au ukatili, ipo pia simu ya bure ya huduma kwa mtoto, namba 116.

9. Wajibu wa chama

Pengine katibu atauliza: mambo ya nyumbani yanahusu nini meza ya chama? Historia ya Kilimanjaro inajibu. Wakulima walianzisha chama chao cha kwanza cha kahawa mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933, wakati dunia nzima ilikuwa katika mdororo. Mwaka 1937, bei na malipo yakiwa madogo, hasira na shuku za wakulima ziligeuka kuwa ghasia dhidi ya chama. Tangu hapo kila kiongozi wa ushirika amelazimika kujua kwamba mwanachama aliyepewa malipo kidogo na maelezo kamili huuliza maswali, bali aliyepewa malipo kidogo na kimya hutafuta mtu wa kumlaumu. Nyumba nayo ni chama kidogo. Baba asiyepewa habari na chama hana habari ya kuwapa watoto wake.

Kwa hiyo chama kifanye yafuatayo:

(a) Kitangaze malipo kwa maandishi katika ubao: kiwango, makato na sababu zake. Kama tarehe ya malipo ya pili haijulikani, tangazo liseme hivyo, na liseme habari nyingine itatolewa lini.

(b) Kila mwanachama apewe stakabadhi inayosomeka, na ahimizwe kufika na mwenzake siku ya malipo. Wanawake wenye mashamba wakaribishwe kuwa wanachama kamili.

(c) Barua za madai zisipelekwe kwa mkono wa mtoto, wala majina ya wadaiwa yasisomwe mahali ambapo watoto wao wamekusanyika.

(d) Mkutano mkuu uzungumze juu ya akiba ya elimu. Mwanachama anayekubali akatwe kiasi kidogo kwa kila kilo wakati wa malipo ya awali, kiwekwe kwa jina lake katika chama cha akiba na mikopo, na kitolewe wiki ya kwanza ya Januari. Kwa kilo 120, makato ya Sh. 300 yanampa Sh. 36,000 wakati anapozihitaji zaidi. Msimu wa bei nzuri ndio wa kuanza, kwa sababu bei nzuri haidumu.

(e) Mkopo wa mahitaji ya shule uwe na masharti mepesi na tarehe inayofuata malipo ya pili, ili mwanachama asikimbilie mlanguzi.

10. Mwisho wa kisa

Baba wa Majengo alipoonyeshwa sarafu zile alikaa kimya muda mrefu. Jumapili iliyofuata familia nzima ilipanda Uru.

"Shikamoo babu," alisema mvulana.

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo ukae hapa karibu."

Mzee hakumgombeza. Alitoa stakabadhi, akamwambia baba asome kwa sauti: kilo, bei, makato. Mama aliisikia hesabu ile kwa mara ya kwanza. Kisha baba akamgeukia mvulana, akasema mbele ya wote: "Nilisema fedha zimekwenda kwa watoto. Nilikosea. Fedha hazikutosha, nami sikupanga. Wewe kazi yako ni shule."

Jumatatu mama alimrudisha shuleni mwenyewe, akazungumza na mwalimu. Sarafu zile shilingi 3,400 alizinunulia madaftari, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Malipo ya pili yalitoka mwezi Machi, na yalikuwa madogo kuliko yaliyotarajiwa. Kodi ililipwa, viatu vipya havikununuliwa. Baba alimwita mvulana akamweleza kwa nini. Mvulana aliuliza kama vile vya zamani vitashonwa tena, akaambiwa ndiyo, akatoka nje kucheza.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, katika chama chenu mwanachama hujua siku ngapi kabla kwamba malipo yatatoka? Taarifa hiyo humfikiaje mke au mume wake?

2. Kila mshiriki aandike mapato na mahitaji ya nyumba yake kuanzia Oktoba hadi Februari. Pengo liko mwezi gani?

3. Kosa la kwanza katika kisa lilitendeka lini: Januari, Desemba au Oktoba? Toeni sababu.

4. Washiriki wawili waigize mazungumzo ya mzazi na mtoto wa Darasa la Sita baada ya bei kushuka. Wengine wasikilize kama mambo matatu yametajwa: kilichotokea, kitakachobadilika, kisichobadilika.

5. Kikundi kiandike pendekezo moja la akiba ya elimu, kilikabidhi kwa katibu, na kuomba liingizwe katika ajenda ya mkutano mkuu ujao.